Maisha ya Sista Irene Stefani, Aliyeitwa Nyaatha

Baada ya hesabu za fedha na taarifa za misiba na misaada ya mwaka, tumeona vema kuweka hapa maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ili wazee na wanachama wapate jambo la kusoma lisilo la shilingi na senti. Mtu huyo ni Sista Irene Stefani, wa Shirika la Masista Wamisionari wa Consolata. Garissa hakufanya kazi. Kazi yake ilikuwa Gikondi, katika Mukurwe-ini ya Nyeri. Lakini mito ya milima ile, Gura na Sagana, ndiyo iujazayo mto Tana, na sisi tukaao Iftin na mitaa mingine ya mji huu tunaishi kwa maji ya Tana. Basi si mgeni kabisa.

Iko sababu nyingine ya kumchagua. Wako wazazi miongoni mwetu wenye watoto katika shule za Kikatoliki, nao huuliza mtoto anapata faida gani kwa kurudia Salamu Maria mara hamsini jioni, na hali hesabu za mwalimu hazijafanywa. Swali hilo si la utovu wa adabu, nalo lastahili jibu. Mimi sina elimu ya mapadre, kwa hiyo nitajibu kwa maisha ya mwalimu mmoja aliyeishika Rozari mkononi.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa Idro, katika milima ya Brescia nchini Italia. Aliitwa Aurelia Mercede, na nyumbani walimzoea kwa jina la Mercede. Jina hilo katika Kiitalia hutumika pia kumwita Bikira Maria, kwa habari ya rehema na ukombozi wa mateka. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Mama yake alifariki angali msichana, wadogo zake wakamtazamia yeye. Akapika, akafua, na siku za Jumapili akafundisha katekisimu watoto wa parokia. Wazee wetu wanaijua hali hiyo ya binti kuwa mama kabla ya wakati wake, na hapana haja ya kuieleza zaidi.

Mwaka wa 1911 aliiacha nyumba akaenda Turin. Katika mji ule lipo hekalu kubwa la Bikira Maria, ambalo watu wake huliita Consolata, yaani Mama wa Faraja. Mkuu wa hekalu hilo alikuwa Padre Giuseppe Allamano, ambaye aliunda shirika la wamisionari wanaume mwaka wa 1901 na la masista mwaka wa 1910. (Padre huyo alitangazwa mtakatifu na Papa Fransisko tarehe 20 Oktoba 2024.) Wamisionari wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika kwa Chifu Karuri, Tuthu katika Murang'a, mwaka wa 1902. Huko Turin Mercede alivaa nguo ya kitawa mwezi wa Januari 1912, akapewa jina la Irene, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni amani. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwisho wa mwaka ule akasafiri kuja Kenya. Umri wake ulikuwa miaka 23. Kwao hakurudi tena.

Mwenye jina la amani alikuta vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana katika Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa farasi na punda walikufa kwa mbung'o, mizigo ya majeshi ilichukuliwa na vichwa vya watu. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikusanywa, wengine kwa nguvu, wakapelekwa nchi wasizozijua. Majina ya Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi ni mabaki ya jina la jeshi hilo la wapagazi. Kwa hesabu za serikali yenyewe, waliokufa walipita 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya.

Sista Irene alitumwa katika hospitali za wapagazi hao: kwanza Voi, halafu Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali hizo nyingi hazikuwa majengo bali mabanda, na wagonjwa walilazwa kwa mamia. Aliosha vidonda, akalisha wasioweza kuinua mkono, akajifunza maneno ya lugha zao kadiri alivyoweza, akazika. Masista wenzake wamesimulia kwamba mara moja huko Kilwa alikikosa kitanda cha mgonjwa mmoja, akaambiwa amekwisha kufa na kupelekwa pwani pamoja na maiti wengine. Akaenda huko, akatafuta kati ya maiti, akamkuta angali anapumua.

Inasemwa kwamba aliwabatiza watu wapatao 3,000 waliokuwa wakifa. Hapa msomaji anaweza kusimama, hasa sisi tuishio mlango kwa mlango na Waislamu. Mtu mahututi huelewa nini anapobatizwa? Swali hilo ni la haki, na watu wa leo, hata ndani ya Kanisa, hawaoni mambo hayo kama walivyoyaona watu wa 1916. Lakini pasiwe na shaka juu ya jambo hili: maji ya kunywa na dawa ya kidonda Sista Irene hakuyagawa kwa kuuliza dini. Na wapagazi wale, ambao serikali iliwaandika kwa nambari, yeye aliwaita kwa majina.

Vita vilipokwisha alikwenda Gikondi, na huko alikaa miaka kumi, kuanzia 1920 hata kufa kwake. Kazi yake ilikuwa shule. Walimu wafundishao sasa, wanaolalamika kwamba madarasa yamejaa, wakumbuke ya kuwa siku zile mwalimu alikwenda mwenyewe kutafuta wanafunzi. Baba alimtaka mwanawe achunge mbuzi. Mama alimtaka bintiye achukue maji na kuni. Na shule ya wageni ilitiliwa shaka, tena si bila sababu, maana nchi ilikuwa imekwisha kuonja utawala wa wageni, kodi na kipande. Sista Irene hakukaa chini ya mwembe akingoja. Alivaa viatu vikubwa vizito, ambavyo hata leo ndivyo alama yake katika picha, akashuka bonde na kupanda mwinuko wa pili, nyumba kwa nyumba.

Hapo ndipo Rozari inapoingia. Waliomwona njiani walimwona akitembea upesi na shanga zake mkononi. Yafaa kufahamu kwamba Rozari nzima ya siku zake ilikuwa na Salamu Maria 150, katika Matendo ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka wa 2002. Idadi ile ya 150 yafuata idadi ya zaburi. Watawa waliojua kusoma waliimba zaburi katika kitabu, na wakulima na wachungaji wasiojua kusoma wakapewa shanga ziwe kitabu chao. Fungu moja la Salamu kumi halichukui muda mrefu; kuvuka bonde moja la Gikondi, kushuka na kupanda, kwaweza kutosha mafungu matano. Hivyo kwake sala haikuchukua saa ya kazi, wala kazi haikuchukua saa ya sala. Katika Matendo ya Furaha, la pili ni safari ya Bikira Maria kwenda milimani kumsaidia jamaa yake Elisabeti aliyekuwa mja mzito. Sista Irene alilifanya tendo hilo kwa miguu yake karibu kila siku kwa miaka kumi. Nami naona mtoto wa shule akielezwa hivyo hataona tena kwamba anahesabu shanga bure. Asipoelezwa, basi kosa ni letu sisi wakubwa, tunaomwambia apige magoti bila kumwambia kwa nini.

Katika kazi zake iko moja ambayo wanachama wa chama kama hiki wataipenda kuliko zote. Vijana wengi wa Gikondi waliondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya walowezi. Mama zao hawakujua kuandika. Basi walikwenda kwa Sista Irene, wakaketi, wakamwambia ya moyoni, naye akaandika. Jibu lilipofika, aliwasomea. Vijana wenyewe pia aliwaandikia, akiwauliza hali zao na kuwakumbusha wasisahau sala wala wazazi. Nani kati yetu, aliyefika Garissa na sanduku moja kuwa karani au mwalimu, asiyejua thamani ya barua ya nyumbani? Vyama vya kusaidiana kama chetu viliundwa kwa sababu ya shida hiyohiyo: mtu aliye mbali na kwao asiugue wala asizikwe bila mtu wa kujua jina lake.

Watu wa Gikondi wakampa jina la Nyaatha. Neno hilo latokana na tha, ambalo kwa Kikikuyu ni huruma, na maana yake ni mama mwenye huruma. Waliompa jina hilo si wabatizwa peke yao. Sasa Mama wa Huruma ni mojawapo ya majina ambayo Wakatoliki wamempa Bikira Maria tangu zamani. Wale wazee waliokuwa hawajui Rozari walimwangalia mwanamke huyu kwa miaka, kisha wakamwita kwa jina la yule ambaye yeye alimwita kila siku njiani. Mimi sijui sifa ya mwalimu wa dini iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwezi wa Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho, na husimuliwa kwamba huko alimtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misioni. Aliporudi Gikondi tauni ilikuwa imeingia. Miongoni mwa waliougua alikuwamo mwalimu mmoja ambaye hapo nyuma hawakupatana, naye inasemekana aliitamani nafasi yake katika shule. Tauni ni ugonjwa wa kukimbiwa, na hakuna ambaye angemlaumu mtu mwenye sababu mbili za kukaa mbali. Alimwendea, akamhudumia, na mwalimu yule akafa mikononi mwake. Siku chache baadaye Sista Irene naye akashikwa na homa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, siku ya mwisho ya mwezi wa Rozari, kama Papa Leo wa Kumi na Tatu alivyouweka mwezi huo mwaka wa 1883. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Januari 1989, huko Nipepe katika Msumbiji, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu zaidi ya 200 walijikuta wamezingirwa kanisani bila maji. Wakamwomba Sista Irene awaombee, na maji machache yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo yakawatosha siku zile wote, wakanywa na watoto wakaoshwa. Kanisa lililichunguza jambo hilo, likalikubali kuwa mwujiza.

Wanachama wanakumbuka vema mwaka wa 2015 katika mji huu. Tayari tarehe 1 Julai 2012 mabomu yalikuwa yametupwa katika Kanisa Kuu letu, ambalo lina jina la Bikira Maria Mama wa Faraja, na siku hiyohiyo watu waliuawa katika kanisa la A.I.C.; na haki yataka isemwe kwamba viongozi wa Waislamu walijitokeza wakakubaliana kuwaweka vijana wao kuyalinda makanisa. Kisha tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, ikaja asubuhi ile ya Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi. Wazazi walikuja kutoka kila upande wa Kenya, na wengine hawakupata mwili wa kuzika mpaka baada ya siku nyingi za kutafuta Nairobi.

Wiki saba baadaye, tarehe 23 Mei 2015, Sista Irene alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mbele ya umati mkubwa sana. Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ambao mtawa huyo alipata kuwauguza wapagazi wake, ndiye aliyeiongoza ibada. Tena ilikuwa chuo kikuu, tena vijana walijaa uwanjani, safari hii wakiimba. Mabaki yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Nyeri, ambalo nalo lina jina la Mama wa Faraja, na sikukuu yake husherehekewa tarehe 31 Oktoba kila mwaka.