Amiri Abdurrahman Ad-Dakhil: Mkimbizi Aliyesimamisha Dola Ulaya

Katika watu wakubwa ambao yafaa vijana wetu wawajue ni Amiri Abdurrahman bin Muawiya, aliyelakabiwa Ad-Dakhil, yaani Mwenye Kuingia. Alizaliwa nchi ya Sham mwaka 731. Babu yake alikuwa Khalifa Hisham wa Bani Umayya, na mama yake alikuwa Mberberi wa kabila la Nafza. Baba yake alifariki yeye akali mtoto.

Mwaka 750 (132 Hijria) Bani Abbas waliipindua dola ya Bani Umayya, wakawasaka jamaa zake na kuwaua. Abdurrahman, kijana asiyezidi miaka 20, alikimbia na nduguye mdogo mpaka mto wa Furati. Wapanda farasi walipowakaribia, wote wawili walijitosa majini. Askari waliwaita warudi, wakiwaahidi amani. Yule mdogo aliiamini ahadi ile, akageuka. Abdurrahman alifika ng'ambo, na huko alishuhudia kwa macho yake nduguye akiuawa.

Kwa muda wa miaka mitano alitangatanga Palestina, Misri na Afrika ya Kaskazini, hana mali wala jeshi, ila mtumishi wake mwaminifu Badr. Mwisho alipata hifadhi kwa wajomba zake wa Nafza.

Ng'ambo ya bahari ilikuwa nchi ya Andalus, iliyokuwa mikononi mwa Waislamu tangu mwaka 711, Tariq bin Ziyad alipovuka na ufalme wa Wavisigothi ukaanguka. Lakini washindi hawakupatana. Waarabu wa Yemeni na wa Qays walipigana wenyewe kwa wenyewe, na Waberberi walinung'unika kwa kupunjwa haki zao. Badr alitangulia kuwatafuta wafuasi wa Bani Umayya, na mwaka 755 bwana wake alishuka pwani ya Almuñécar. Siku ya Idi Kubwa, Mfungo Tatu mwaka 138 (Mei 756), alimshinda Liwali Yusuf al-Fihri nje ya mji wa Cordoba. Wafuasi wake walipotaka kuteka nyara katika kasri ya Yusuf, aliwazuia na kuwahifadhi watu wa nyumba ile. Wengi walimchukia kwa jambo hilo.

Alitawala miaka 32, na michache tu ilikuwa ya amani. Mwaka 763 lilitokea jeshi lililopeperusha bendera ya Bani Abbas, akalishinda huko Carmona. Yasimuliwa kwamba Khalifa Mansur, adui yake, ndiye aliyemwita Kozi wa Makureshi. Mwaka 778 Mfalme Charlemagne wa Wafranki, aliyeitwa na maliwali waasi, alifika mpaka Zaragoza, wala hakufunguliwa milango. Na katika kurudi kwake Wabaski walilivamia jeshi lake la nyuma milimani. Wala tusifiche kwamba Abdurrahman alikuwa mkali, na upanga wake haukuwaacha hata jamaa zake waliomlia njama.

Aliacha kumtaja khalifa wa Baghdad katika hotuba ya Ijumaa, lakini mwenyewe hakujiita Khalifa. Alitosheka na cheo cha Amiri. Wakristo na Mayahudi walibaki katika dini zao kwa kulipa jizya. Karibu na Cordoba alijenga Rusafa, kwa kukumbuka kasri ya babu yake huko Sham, na humo akapanda mtende, mgeni katika nchi ile kama yeye. Mwaka 785 alianza kujenga Msikiti Mkuu, akitumia nguzo za majengo ya kale.

Alifariki mwaka 788. Kizazi chake kilitawala mpaka mwaka 1031, ambapo fitina ileile ya makabila na vyama iliivunja dola vipande vipande. Msikiti wake uligeuzwa kanisa mwaka 1236, na mpaka leo nguzo zake zimesimama.

Basi, ndugu zangu, tuzingatie. Mtu mmoja aliyepoteza kila kitu aliweza kuwakusanya waliotengana. Na waliokusanywa, walipotengana tena, walipoteza kila kitu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi umoja. Amin.