Hans Christian Gram: Tabibu aliyezipa rangi bakteria za mapafu

MSIMU wa baridi unapotanda jijini Nairobi, kati ya Juni na Agosti, vikohozi vya watoto husikika chumba hadi chumba katika majumba ya ghorofa ya mtaa wa Huruma, Eastlands.

Familia nyingi mtaani humo hulala, hupika na kulea watoto katika chumba kimoja. Moshi wa makaa na wa stovu ya mafuta ya taa hudhoofisha kinga ya njia za hewa, nao msongamano huziwezesha bakteria kuhama upesi kutoka pua moja hadi nyingine.

Hata hivyo, bakteria hizo si wageni. Ile iitwayo numokoko huishi kimya puani na kooni mwa watoto wengi walio na afya njema. Mafua au moshi vikishaidhoofisha kinga ya mwili, huweza kuteremka hadi mapafuni na kuzua nimonia, mojawapo ya maradhi yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano duniani.

Kwamba wataalamu wanaweza kuitambua bakteria hiyo na kuitenga na nyingine, sehemu kubwa ya shukrani inamwendea raia wa Denmark ambaye jina lake hutajwa kila siku katika maabara za Kenya, ingawa maisha yake hayajulikani na wengi.

Hans Christian Gram alizaliwa jijini Copenhagen mnamo Septemba 13, 1853. Baba yake alikuwa profesa wa sheria, lakini kijana huyo alivutiwa na mimea. Alisomea elimu ya mimea na kuwa msaidizi wa mwanazuoni mashuhuri wa wanyama, Japetus Steenstrup. Kazi hiyo ndiyo iliyomzoesha kutumia hadubini.

Baadaye aligeukia utabibu na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka wa 1878. Alifanya utafiti kuhusu chembe nyekundu za damu, kisha mwaka wa 1883 akafunga safari ya masomo barani Ulaya iliyomfikisha Berlin, Ujerumani.

Mji huo ulikuwa ukivuma kwa habari za vijidudu. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Robert Koch atangaze hapo kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Gram alijiunga na Carl Friedländer, daktari aliyechunguza miili ya wafu katika hospitali ya jiji.

Nimonia ilikuwa ikiangamiza watu wengi wakati huo, na waliojaribu kueleza chanzo chake walikuwa wakivutana. Friedländer aliamini kuwa amekwisha kumgundua mhalifu. Daktari mwingine wa Berlin, Albert Fränkel, alimpinga na kunyoosha kidole kwa bakteria tofauti.

Mzozo huo haukuwa rahisi kuamuliwa. Katika kipande cha pafu, bakteria na nyama ya mwili zilipakwa rangi zikafanana, na aliyetazama hadubini aliona kama mtu anayetafuta uzi mweupe katika rundo la pamba.

Gram hakuwa na nia ya kuamua nani ni mkweli. Alitaka tu bakteria zionekane waziwazi. Alipaka vipande vya pafu rangi ya zambarau, akavitia katika mchanganyiko wa iodini, kisha akaviosha kwa alkoholi. Nyama ya pafu ilipoteza rangi. Bakteria zikabaki na zambarau yake.

Lakini si zote. Baadhi zilioshwa zikapauka pamoja na nyama. Gram alipochapisha matokeo yake mwaka wa 1884, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, aliandika kwa unyenyekevu kwamba mbinu hiyo bado ina kasoro, akitumaini kuwa wengine wangefaidika nayo.

Kile alichokiona kuwa kasoro ndicho kilichogeuka kuwa hazina. Bakteria ya Fränkel, yaani numokoko, ilishika rangi. Ile ya Friedländer iliiachilia. Ikadhihirika kuwa ni viumbe wawili tofauti, na kwamba wote wawili waweza kuleta nimonia, ingawa numokoko ndiyo huileta mara nyingi zaidi.

Friedländer mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki mwaka wa 1887 kabla ya kutimiza miaka 40.

Gram alirejea Copenhagen na kuacha uchunguzi wa bakteria. Mwaka wa 1891 aliteuliwa profesa wa elimu ya dawa, na mwaka wa 1900 akawa profesa wa tiba. Kati ya 1901 na 1921 aliongoza tume iliyosimamia orodha rasmi ya dawa nchini Denmark, akipigania kuondolewa kwa dawa zisizo na manufaa. Alistaafu mwaka wa 1923 na kuaga dunia Novemba 14, 1938, akiwa na umri wa miaka 85.

Hakuwahi kushuhudia penisilini ikitumiwa kwa wingi hospitalini katika miaka ya 1940. Dawa hiyo ililemea hasa bakteria zishikazo rangi yake, ambazo wataalamu huziita Gram chanya. Zile zinazoiachilia huitwa Gram hasi. Hadi leo, damu au maji ya uti wa mgongo ya mtoto mahututi yakiotesha bakteria, rangi hiyo ni miongoni mwa vipimo vya kwanza, nayo humwongoza daktari kuchagua dawa.

Kumjua adui kulifungua pia njia ya chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya numokoko mwaka wa 2011. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, Pwani, ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, maradhi makali ya aina za numokoko zilizolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92.

Huko Huruma, chanjo haijaondoa moshi wala msongamano. Mzazi bado anahitaji kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa: 50 au zaidi kwa dakika kwa aliye na miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa aliye na mwaka mmoja hadi mitano, ni ishara ya kumkimbiza kituo cha afya.

Kumnunulia dawa ya kubahatisha dukani ni kurudi katika giza ambalo Gram, kwa chupa zake chache za rangi, alisaidia kuliondoa.