Vasco da Gama na Juma Kuu la Mombasa, 1498

Kila kwaya za Malindi na za kisiwani zinapokutana, baada ya pilau na soda ubishi huwa ni ule ule: Misa ya kwanza katika nchi hii ilisomwa wapi? Wenzetu wa Malindi hunyoosha kidole kwenye nguzo yao iliyo juu ya miamba na kwenye kikanisa chao cha Kireno chenye paa la makuti. Sisi wa Mombasa huwajibu kwamba meli zilifika kwetu wiki nzima kabla ya kufika kwao, tena tuna Fort Jesus. Na kwa kuwa pande zote mbili humtaja mtu mmoja, Vasco da Gama, tumeona kijitabu hiki cha Jubilei kisipite bila kueleza maisha yake, hasa zile siku saba alizokaa mbele ya kisiwa chetu.

Vasco da Gama alizaliwa katika miaka ya 1460 huko Sines, mji mdogo wa wavuvi kusini mwa Ureno. Baba yake, Estêvão da Gama, alikuwa mtumishi wa ukoo wa kifalme. Mfalme Manuel alipotaka mtu wa kuongoza meli kuizunguka Afrika hadi India, alimchagua kijana huyo. Walitaka viungo, ambavyo wakati huo vilifika Ulaya kwa mikono ya wafanyabiashara wengi na kwa bei ya kukata tamaa. Walitaka pia Wakristu. Ulaya nzima iliamini kwamba mahali fulani huku mashariki kulikuwa na mfalme Mkristu mwenye nguvu, aliyeitwa Padre Yohane, ambaye angeungana nao. Hamu hii ya kukutana na Wakristu ndiyo ufunguo wa yote yaliyotokea Mombasa.

Meli ziliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, baada ya mabaharia kukesha wakisali katika kikanisa kilichokuwa kando ya mto Tagus. Vasco alikuwa katika São Gabriel, ndugu yake Paulo akiongoza São Rafael, na Nicolau Coelho akiongoza Berrio. Kulikuwa pia na meli ya nne ya vyakula, ambayo waliivunja njiani, kusini mwa Afrika. Mmoja wa waliokuwemo, ambaye hakuandika jina lake, aliweka shajara ya safari. Shajara hiyo ndiyo shahidi wetu mkuu, na mwimbaji yeyote anayependa ubishi wa Malindi na Mombasa angefaa kuisoma.

Mwanzoni mwa Machi 1498 walifika Msumbiji. Hapo shajara inasema wazi kwamba Dominika tarehe 11 Machi Misa ilisomwa kwenye kisiwa kilicho karibu na mji, na waliotaka waliungama na kupokea Komunyo. Basi tunajua kwamba melini alikuwemo padre, na kwamba mwandishi alipoona Misa hakusita kuiandika. Tuliweke hilo moyoni. Siku chache baadaye urafiki na watu wa Msumbiji uliharibika, na Wareno wakaupiga mji kwa mizinga. Habari ziliwatangulia kupanda pwani.

Jumamosi tarehe 7 Aprili, jioni, wakafika Mombasa. Hawakuingia bandarini. Walitia nanga nje, katika maji ambayo leo anayepunga upepo pale Lighthouse anayatazama bila kufikiri lolote. Marubani waliochukuliwa Msumbiji walikuwa wamewaambia kwamba mjini Mombasa wapo Wakristu wanaoishi katika mtaa wao, chini ya mkubwa wao. Kesho yake ilikuwa Dominika ya Matawi. Mwandishi anasema walitia nanga kwa furaha kubwa kwa sababu walitumaini asubuhi kushuka na kusikiliza Misa pamoja na Wakristu hao. Walifurahi pia kwa sababu wagonjwa wao walipata nafuu, naye akaishukuru hewa ya Mombasa. (Anayeishi hapa mwezi wa Aprili, kabla mvua haijashika, anaweza kuwa na maoni tofauti.)

Usiku wa manane ilikuja mashua yenye watu wapatao mia moja, wenye panga na ngao. Walitaka kupanda wote. Da Gama aliruhusu wakubwa wanne au watano tu.

Asubuhi ya Matawi, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa kwa wingi, pamoja na pete kuwa ahadi ya usalama. Da Gama akamrudishia ushanga wa marijani. Hakushuka. Alituma watu wawili, wahalifu waliohukumiwa kwao na kuchukuliwa safarini kwa ajili ya kazi za hatari kama hiyo. Wale wawili walipitishwa milango minne, kila mmoja ukiwa na bawabu mwenye upanga mkononi, wakapokelewa vizuri na mfalme, kisha wakatembezwa mjini, katika vichochoro ambavyo leo tunaviita Mji wa Kale. Waliona wafungwa wenye minyororo, wakajiambia kwamba hao bila shaka ni Wakristu. Ndipo wakapelekwa katika nyumba ya wafanyabiashara wawili walioambiwa ni Wakristu. Wenye nyumba wakawaonyesha karatasi waliyokuwa wakiiheshimu na kuisujudia, na juu yake kulikuwa na picha ambayo wageni waliitambua kuwa ni Roho Mtakatifu.

Hapa kila muumini wa Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale Nkrumah Road husisimka. Karne nne kabla ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kuja, picha ya Roho Mtakatifu ilikuwa Mji wa Kale! Kwa masikitiko, lazima tuipooze furaha hiyo. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba wafanyabiashara hao walikuwa Wahindu kutoka India, na msomi mmoja Mwingereza, Richard Burton, alipendekeza kwamba ndege yule alikuwa njiwa wa Shiva. Wareno walikuwa hawajawahi kuona dini ya Kihindu. Kwao, asiyekuwa Mwislamu na akasujudia picha, alikuwa Mkristu wa aina fulani. Mtu mwenye hamu kubwa huona anachokitafuta.

Kwa hiyo Misa iliyotumainiwa katika mtaa wa Wakristu wa Mombasa haikusomwa, kwa sababu mtaa wenyewe haukuwepo. Yawezekana padre alisali na mabaharia juu ya sitaha siku ile ya Matawi. Shajara haisemi.

Jumanne ya Juma Kuu da Gama aliamua kuingia bandarini. São Gabriel ilikataa kugeuka, ikagongana na nyingine, nanga zikatupwa tena. Katika vurugu hiyo marubani wa Msumbiji wakajitosa baharini na kuogelea hadi kwenye mashua za Mombasa. Da Gama akashuku hila. Usiku ule aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka kwenye ngozi, nao wakasema kwamba ilipangwa meli zikiingia zitekwe, kulipiza yale ya Msumbiji. Alipotaka kuwatesa tena, mmoja wao, mikono ikiwa imefungwa, akajirusha baharini. Wa pili alifanya hivyo kabla ya mapambazuko. Usiku huo huo waogeleaji wa Mombasa walikuja kukata kamba za nanga za Berrio. Walinzi walidhani ni jodari wanaoruka.

Hii ndiyo sehemu ya habari ambayo hatuiimbi. Tukisema Misa ya kwanza ya nchi hii ni ya Juma Kuu la 1498 mbele ya Mombasa, basi tuiseme pamoja na mafuta yale. Mtu aliyetumaini kusikiliza Misa Jumapili ndiye aliyetoa amri ile Jumanne. Majirani zetu Waislamu wa Mji wa Kale wanaijua habari hii, na si vizuri wao waijue kuliko sisi.

Walikaa Jumatano na Alhamisi Kuu, wakaondoka asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 13 Aprili. Jumamosi Kuu waliona mashua mbili, wakakimbiza moja na kuiteka pamoja na watu 17, dhahabu, fedha na nafaka. Jua lilipokuwa linazama wakatia nanga mbele ya Malindi.

Kesho yake ilikuwa Pasaka, na hapa ndipo nguvu ya wenzetu ilipo. Meli tatu zilizokuwa na padre, zimetulia nangani, siku ya Pasaka: nani atasema Misa haikusomwa? Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba haikuwepo. Lakini shajara inaieleza Pasaka ile kwa habari ya mateka waliowaambia kwamba bandarini mpo meli nne za Wakristu wa India, na haitaji Misa hata kwa neno moja. Na hata kama ilisomwa, ilikuwa juu ya maji. Tena, katika meli za zama hizo mapadre mara nyingi walisoma ile iliyoitwa Misa kavu, yaani sala na masomo bila kutolea mkate na divai, kwa kuogopa kikombe kumwagika meli inapoyumba.

Kushuka, da Gama hakushuka Malindi pia. Mfalme wa Malindi, ambaye hakupatana na mwenzake wa Mombasa, alimkaribisha kwa moyo. Da Gama akajibu kwamba bwana wake hakumpa ruhusa ya kwenda nchi kavu, wakaonana kila mtu akiwa katika mashua yake. Wale Wahindi walipanda melini, wakaonyeshwa picha ya Bikira Maria chini ya msalaba akiwa na Yesu mikononi, nao wakaanguka kifudifudi. Huenda nao pia hawakuwa Wakristu. Tarehe 24 Aprili meli ziliondoka na rubani aliyetolewa na mfalme, na tarehe 20 Mei wakafika karibu na Calicut. (Vitabu vingi vya shule humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Oman, wanahistoria wengi siku hizi hawakubali.)

Kurudi kulikuwa kugumu. Kuvuka kutoka India kuliua watu 30 kwa ugonjwa wa fizi, na walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 kitu cha kwanza walichoomba kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Katika siku hizo tano da Gama aliomba nguzo ya jiwe isimamishwe nchi kavu, alama ya urafiki, na mfalme akakubali. Basi nguzo ya Malindi ni ya safari ya kurudi, wala haihusiani na Pasaka. Walipita Mombasa bila kusimama. Mabaharia hawakutosha tena kwa meli tatu, wakaiteketeza São Rafael kusini zaidi, katika pwani ya Tanga. Paulo da Gama alikufa katika visiwa vya Azores, karibu kabisa na nyumbani, na Vasco akamzika huko kabla ya kwenda kupokea heshima za Lisbon.

Alikuja tena mwaka 1502 na kundi kubwa la meli. Alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, kisha karibu na pwani ya India akaikamata meli ya mahujaji waliotoka Makka, wakiwemo wanawake na watoto, akaichoma moto pamoja nao. Hata Wareno wa zama zake walishtuka. Mwaka 1524 alitumwa mara ya tatu, sasa akiwa makamu wa mfalme huko India, akafa Cochin mkesha wa Noeli mwaka huo huo. Alizikwa katika kanisa la Wafransisko, na mwaka 1539 mifupa yake ikapelekwa Ureno. Hapa kwetu, barabara moja ya Mji wa Kale iliitwa kwa jina lake wakati wa Waingereza, na bado utaliona kwenye postikadi za zamani.

Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, na tena mwaka 1529 Nuno da Cunha alipokuwa akiondoka baada ya kukaa humo miezi kadhaa. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipopita mwaka 1542 alisimama Malindi. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na mwaka 1597 mapadre Waagustino walifika na kuweka makao yao kisiwani. Kuanzia hapo Misa ilisomwa Mombasa wiki baada ya wiki, nchi kavu, na watu waliokuwa wakiishi hapa, hadi Agosti 1631, mashahidi wa Mombasa walipouawa.

Kwa hiyo wenzetu wakija Dominika ya Jubilei, tukifika kwenye pilau, tuwaachie Pasaka ya 1498 na bahari yake. Mwaka 1597 ni wetu.