Ladi Kwali: Mfinyanzi Aliyeuzunguka Mtungi

Upande wa mbele wa noti ya naira 20 ya Nigeria, toleo la mwaka 2007, kuna picha ya Jenerali Murtala Mohammed, aliyewahi kuitawala nchi hiyo. Upande wa nyuma kuna mwanamke na mtungi. Mwanamke huyo ni Ladi Kwali, na heshima hiyo ya kutiwa mkononi mwa kila mchuuzi na kila abiria wa Nigeria aliipata kwa kazi ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya watu wa chini: kufinyanga. Jina lenyewe halina makuu. Ladi ni jina ambalo Wahausa humpa mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili. Kwali ni kijiji alikozaliwa mnamo mwaka 1925 au karibu na hapo, katika nchi ya Wagbagyi, ambao majirani zao huwaita Wagwari.

Miongoni mwa Wagbagyi ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na Ladi aliupokea utotoni kutoka kwa shangazi yake. Gurudumu halikuwapo. Bonge la udongo lilipigwa ngumi katikati hadi likabonyea kama kinu, kisha kuta zikainuliwa kwa misokoto ya udongo iliyopachikwa mmoja juu ya mwingine. Mtungi ulikaa pale pale ulipowekwa. Mfinyanzi ndiye aliyezunguka. Aliuzunguka akiwa ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiparuza kwa kipande cha kibuyu na kulainisha kwa kitambaa kilichoroweshwa, hatua kwa hatua, hata mviringo ukatimia pasi na kipimo chochote ila jicho na mwendo wa miguu. Kabla udongo haujakauka, alichora juu yake mistari, mijusi, nge, mamba, vinyonga na samaki. Hatimaye vyungu vilirundikwa uwanjani, vikafunikwa kuni na nyasi kavu, vikatiwa moto.

Moto wa uwanjani haupandi sana, na chungu chake hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, hukaushwa na upepo, na yale yaliyosalia ndani yakapoa. Aliyewahi kunywa maji ya mtungini wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi. Sifa hii ya chungu cha kijijini inafaa ikumbukwe, kwa maana ndiyo iliyokuja kupotea.

Vyungu vya Ladi vilipata wanunuzi hata nje ya kijiji, na baadhi vikafika katika kasri la Emir wa Abuja, Alhaji Suleiman Barau. Abuja inayotajwa hapa ni mji wa kale ambao baadaye ulipewa jina la Suleja, pale serikali ilipolichukua jina lake kwa ajili ya mji mkuu mpya. Ni katika kasri hilo, mwaka 1950, ambapo Mwingereza Michael Cardew aliviona vyungu hivyo. Cardew, aliyezaliwa 1901, alikuwa mfinyanzi mzoefu. Alijifunza kwa Bernard Leach huko St Ives mnamo 1923, akafanya kazi Winchcombe, kisha akaishi miaka kadhaa Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast, ambako alipata mikosi zaidi kuliko mafanikio. Serikali ya kikoloni ilimpeleka Nigeria kuendeleza ufinyanzi, na mwaka 1952 kituo cha mafunzo kikafunguliwa Abuja.

Kituo hicho hakikuwa chuo kikubwa. Lilikuwa darasa la wanafunzi wachache wanaofanya kazi karibu na mwalimu wao, wakitazama mikono yake na kukosolewa papo hapo. Walichimba udongo, wakauponda na kuuchuja, wakajenga joko la kuni na kujifunza kuvuta vyombo kwenye gurudumu. Udongo wao haukuwa wa kauri, lakini ulikuwa jamaa yake wa karibu. Kauri hutokana na kaolini nyeupe, na ikiiva huwa nyembamba hata mwanga ukapenya. Udongo wa Abuja ulikuwa mzito na wa rangi iliyofifia, ila nao ulitaka moto wa karibu nyuzi 1300 za Selsiasi ndipo ugeuke mgumu kama jiwe. Juu yake ulipakwa mchanganyiko wa majivu na mawe yaliyosagwa, yaani glezi, ambao kwenye joto hilo huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo.

Ladi Kwali aliingia kituoni mwishoni mwa mwaka 1954. Wanafunzi wote aliowakuta walikuwa wanaume. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza. Methali husema udongo uwahi ungali maji, na mwanamke wa umri wa karibu miaka thelathini, ambaye tayari jina lake lilikuwa limefika kwa Emir, angeweza kudhaniwa kuwa udongo uliokwisha kukauka. Isitoshe, alichotakiwa kujifunza kilikuwa kinyume kabisa na alichokijua. Kwenye gurudumu mfinyanzi hutulia, udongo ukazunguka. Viwiko hukazwa, bonge likabanwa hadi likae katikati bila kuyumba. Lisipokaa katikati, kila kinachofuata huharibika. Kisha dole gumba hufungua shimo, na vidole vya ndani na vya nje vikauvuta ukuta juu kwa pumzi moja. Udongo ukizidishiwa maji hulegea na kuanguka. Ukipungukiwa hukwaruza na kupindika. Aliyezoea kujenga chombo pole pole kwa misokoto hulazimika kuyaacha mazoea ya mwili mzima.

Aliyaweza. Alivuta mabakuli, magudulia na vikombe kwa ustadi uliotambuliwa na wote. Vyombo hivyo vilichovywa katika uji wa udongo mwekundu au mweupe, naye akachora juu yake kwa mwiba wa nungunungu, akiikwangua rangi ya juu ili ya chini ionekane. Lakini kilichomtofautisha ni kwamba hakuitupa kazi ya kwanza. Aliendelea kuijenga mitungi mikubwa kwa mkono, akiizunguka kama alivyofanya kijijini, ila sasa kwa udongo wa kituo. Ikachovywa kwenye glezi na kuchomwa katika joko la Cardew. Ilipotoka, mijusi na nge wa Kwali walikuwa wamelala chini ya kioo cha kijani kilichofifia. Mtu aliyeona vipande vya mabakuli ya Kichina vilivyofukuliwa katika magofu ya Gedi ataitambua rangi hiyo.

Hapa ndipo wasifu wa Ladi Kwali unapozua ubishi. Wapo wanaousimulia kama kisa cha Mzungu aliyemwokota mwanakijiji akamfanya msanii. Simulizi hiyo haisimami, kwani ni vyungu vya Ladi vilivyomvuta Cardew, na kilichowashangaza watazamaji wa nje hakikuwa gurudumu alilofundishwa; kilikuwa ule mzunguko aliokuja nao. Hata hivyo, wanaodai kwamba hakuna kilichopotea nao wanakosea. Mtungi uliochomwa kwa moto mkali na kuvishwa glezi haupenyezi maji, na kwa sababu hiyo hauyapozi. Uliacha kuwa chombo cha nyumbani, ukawa pambo. Cardew alitamani vyombo vya Abuja vitumiwe na Wanigeria wa kawaida, ilhali wanunuzi wengi walikuwa Wazungu na watu wenye uwezo. Wenyewe husema mfinyanzi hulia gaeni. Mitungi ya Ladi ilipokuwa ikipambwa kwenye rafu za London, bibi wa Kwali aliendelea kuteka maji kwa chungu cha moto wa nyasi, na maji yake yalikuwa baridi.

Faida nayo haifichiki. Vyungu vya kijijini havikuwa na jina la aliyevifinyanga. Vya Abuja vilipigwa muhuri, na kwenye vya Ladi zikawapo herufi mbili, LK. Huenda badiliko hilo dogo likawa kubwa kuliko la glezi, kwa kuwa mwanamke wa shamba alianza kujulikana kwa jina lake mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Mahali hapo baadaye alipakanyaga. Vyombo vya Abuja vilionyeshwa katika Berkeley Galleries jijini London mnamo 1958, 1959 na 1962, na Ladi mwenyewe akasafiri Ulaya kufinyanga mbele ya watu. Mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi wa Ghana, Kofi Athey. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na hakuhitaji zaidi ya hicho. Bonge la udongo lilipowekwa mbele yake alianza kutembea, na ukumbi ukanyamaza. Uingereza ilimpa nishani ya MBE mapema katika miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1977, naye hakuwahi kusoma shule. Nishani za taifa lake zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kituo alichoingia kama mwanafunzi kikapewa jina lake. Alifariki Agosti 1984, mjini Minna.

Cardew alikuwa ameondoka Abuja tangu 1965. Kabla ya hapo, katika miaka ya mwanzo ya 1960, wanawake wengine wa Kigbagyi walimfuata Ladi kituoni: Halima Audu, Asibi Ido, Kande Ushafa na Lami Toto. Mlango uliofunguliwa na mmoja haukufungwa tena.

Na mwaka 1974 alifika mgeni kutoka mbali zaidi. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alikuwa akisomea sanaa huko Farnham, Uingereza, alipokutana na Cardew, naye akamshauri aende Abuja. Alikaa huko miezi kadhaa, akitazama na kujaribu, Ladi Kwali akiwa miongoni mwa walimu wake. Vyombo vilivyompa Odundo sifa duniani havivutwi kwenye gurudumu wala havivikwi glezi. Hujengwa kwa misokoto, vikaparuzwa, vikasuguliwa hadi ving'ae. Binti huyo wa Nairobi alisafiri hadi kwenye kituo cha magurudumu, akaondoka na ujuzi ule ambao Ladi alikuwa nao kabla ya mwaka 1954.