Schuman: Aliyewaweka maadui kwenye daftari moja

Kila Majilio yanapokaribia, makanisa mengi husoma maono ya nabii Isaya katika sura ya pili, pale ambapo silaha za vita zinageuzwa kuwa zana za shamba. Tunalipenda somo hilo, na kulipita bila kumwona mhunzi ni rahisi. Chuma hakijigeuzi chenyewe. Lazima mtu awashe moto, avute mvukuto, avumilie cheche na kupiga nyundo mpaka upanga usahau kazi yake ya zamani.

Leo, ndugu msomaji, nakualika tumtazame mmoja wa wahunzi hao. Hakuwa padri wala mchungaji. Alikuwa wakili mpole, mwenye upara na miwani, asiye na sauti ya kutikisa umati. Jina lake ni Robert Schuman.

Alizaliwa Juni 29, 1886 katika kitongoji cha Clausen, jijini Luxembourg. Baba yake alitoka Lorraine, eneo la Ufaransa ambalo sehemu yake ilitwaliwa na Ujerumani baada ya vita ya 1870 na 1871. Baba aliyezaliwa Mfaransa akajikuta raia wa Ujerumani, na mwanawe akazaliwa na uraia huohuo. Mama, mwenyeji wa Luxembourg, ndiye aliyemjenga katika imani, hasa baada ya baba kufariki mwaka 1900. Mwaka 1911 mama naye akafa katika ajali ya gari la farasi. Robert alikuwa na miaka 25, hana kaka wala dada.

Katika huzuni hiyo alifikiria kuingia upadri. Rafiki yake wa karibu alimshauri abaki mlei, akiamini kwamba nyakati zijazo zingehitaji pia watakatifu waliovaa suti. Schuman akaupokea ushauri huo. Hakuoa, alihudhuria Misa kila siku alipoweza, na mwaka 1912 akafungua ofisi ya uwakili mjini Metz.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, Lorraine ikarudi Ufaransa. Schuman, akiwa na umri wa miaka 32, akawa Mfaransa bila kuhama nyumba. Mwaka 1919 alichaguliwa kuwa mbunge, na kwa miaka mingi akajishughulisha na jambo lisilo na shangwe: kulinganisha sheria za eneo lake na zile za Paris, ili watu wake wasipoteze mema waliyokuwa nayo, zikiwemo bima za wafanyakazi walizozizoea chini ya utawala wa Kijerumani. Aliona mapema kwamba mpaka ukihama, anayeumia kwanza ni mtu wa kawaida: mchimba mgodi, mjane, mgonjwa.

Maisha yake hayakukosa doa. Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani mwaka 1940, Schuman alikuwa naibu waziri wa wakimbizi. Julai mwaka huo alikuwa miongoni mwa wabunge wengi waliopiga kura ya kumpa Marshal Pétain mamlaka kamili. Baada ya vita kura hiyo ilimfuata. Alizuiwa kugombea, mpaka kizuizi kilipoondolewa mwaka 1945. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kuwachora watu wa imani kama sanamu zisizo na ufa. Mungu hakupata sanamu wa kumtuma. Alimpata mtu aliyehitaji rehema, na pengine ndiyo maana mtu huyo alijua namna ya kuitoa.

Septemba 1940 aliporudi Metz, polisi wa siri wa Hitler, Gestapo, walimkamata. Alikaa gerezani kwa takriban miezi saba, kisha akapelekwa Neustadt, Ujerumani, kuishi chini ya ulinzi. Agosti 1942 alitoroka. Alisafiri kwa siri hadi upande wa Ufaransa uliokuwa haujakaliwa, na baadaye akajificha kwenye nyumba za watawa hadi nchi ilipokombolewa.

Mtu aliyepitia hayo angeeleweka kama angerudi na kisasi. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimepigana mara tatu ndani ya miaka 70: 1870, 1914 na 1939. Kila safari chini ya vita hiyo kulikuwa na makaa ya mawe na chuma. Lorraine ilikuwa na mawe ya chuma, bonde la Ruhr la Ujerumani lilikuwa na makaa. Aliyetaka kuunda mizinga alihitaji vyote viwili, na aliyekuwa na kimoja aliogopa mwenzake asije akatwaa kingine. Mwaka 1950 wengi nchini Ufaransa walitaka Ruhr ibanwe na Ujerumani ibaki dhaifu, kana kwamba jambo hilo halikujaribiwa baada ya 1918 na kuzaa chuki iliyomwinua Hitler.

Wakati huo Schuman alikuwa waziri wa mambo ya nje. Alitakiwa awaeleze wenzake wa Marekani na Uingereza, katika mkutano wa London mwezi Mei, Ufaransa inataka nini kuhusu Ujerumani. Mwishoni mwa Aprili alipewa karatasi chache zilizoandaliwa na Jean Monnet na wasaidizi wake. Alizichukua akapanda treni kwenda nyumbani kwake Scy-Chazelles, kijiji kilicho karibu na Metz. Alizisoma mwishoni mwa juma, katika nyumba iliyotazamana na kanisa la kale. Aliporudi Paris alikuwa amekubali kulibeba pendekezo hilo mwenyewe, na lawama zake zote.

Asubuhi ya Mei 9, 1950 mjumbe alifikisha barua Bonn kwa Konrad Adenauer, kiongozi wa serikali ya Ujerumani Magharibi. Adenauer, naye Mkatoliki aliyewahi kukamatwa na utawala wa Hitler, alikubali mara moja. Jioni hiyo Schuman alilisoma tamko lake mbele ya waandishi wa habari. Alipendekeza uzalishaji wote wa makaa na chuma wa Ufaransa na Ujerumani uwekwe chini ya mamlaka moja ya pamoja, na mlango uachwe wazi kwa nchi nyingine za Ulaya. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: jirani hawezi kukuundia vifaru gizani ikiwa kila tani ya chuma chake imeandikwa kwenye daftari mnalolisoma wote wawili. Alisema pia kwamba Ulaya haitajengwa kwa siku moja, bali kwa matendo yanayoonekana, moja baada ya jingine.

Aprili 18, 1951 nchi sita zilitia saini mkataba mjini Paris: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Uingereza ilikataa kujiunga.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu utamu wa habari hii uko ndani ya hesabu. Jumuiya hiyo mpya ilitoza kampuni za makaa na chuma tozo ndogo, ambayo kwa kawaida haikupaswa kuzidi asilimia moja ya thamani ya uzalishaji. Fedha zilizopatikana zilisaidia wafanyakazi waliopoteza ajira viwanda vilipobadilika: kuwafundisha kazi nyingine, kuwapa cha kujikimu wakati wa kungoja, kuwawezesha kuhamia penye kazi. Jumuiya ilisaidia pia kujenga nyumba za wafanyakazi.

Zaidi ya hayo, migodi ya Ubelgiji ilikuwa ya zamani na ya gharama kubwa, nayo isingestahimili soko la pamoja. Kwa hiyo iliwekwa tozo ya muda kwenye makaa ya Ujerumani na Uholanzi, yaliyochimbwa kwa gharama nafuu, ili kuisaidia migodi hiyo. Soko la pamoja la makaa lilifunguliwa Februari 1953. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameikalia Ubelgiji hadi mwaka 1944. Haikupita hata miaka kumi, makaa ya Ujerumani yakawa yanachangia riziki ya mchimbaji wa Kibelgiji.

Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kubebeana mizigo. Sisi huusikia wito huo kama wito wa moyo, na ndivyo ulivyo. Schuman alitambua kwamba moyo peke yake huchoka. Serikali hubadilika, waliosameheana hufa, watoto wao hawakumbuki machozi yaliyowapatanisha. Akatafuta namna ya kuupa msamaha mahali pa kuishi: ofisi, sheria, mfuko wa pamoja, mezani pamoja kila juma. Upendo wa adui ukapata kiti na karani.

Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na pengo, na tusilifiche. Agosti 8, 1956 moto ulizuka katika mgodi wa Bois du Cazier huko Marcinelle, Ubelgiji. Watu 262 walikufa chini ya ardhi, 136 kati yao wakiwa Waitaliano waliokwenda kutafuta kazi. Makaa ya Ulaya yalikuwa yameunganishwa, lakini usalama wa aliyeyachimba haukuwa umepewa uzito uleule. Ni baada ya maafa hayo nchi sita zilipokutana kuhusu usalama migodini na kuunda chombo cha kudumu cha kuushughulikia.

Pengo la pili linatuhusu sisi Waafrika. Katika tamko la Mei 9, Schuman alitaja maendeleo ya Afrika kuwa mojawapo ya kazi za Ulaya iliyoungana. Ni maneno mema. Lakini mwaka 1950 sehemu kubwa ya bara hili ilikuwa chini ya wakoloni, Ufaransa ikiwa mmoja wao, na hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Mkataba wa Roma ulipotiwa saini Machi 25, 1957, ulileta Mfuko wa Jamii wa Ulaya kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi sita, na pia mfuko wa maendeleo kwa makoloni yao. Wa kwanza ulipangwa na wenyewe. Wa pili ulipangwa na watawala kwa ajili ya watawaliwa.

Mambo yalianza kubadilika Waafrika walipoketi mezani kama nchi huru. Julai 20, 1963 nchi 18 za Afrika, zikiwemo Kongo, Rwanda na Burundi, zilitia saini Mkataba wa Yaoundé na nchi sita za Ulaya. Mwaka 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zikatia saini mkataba wao na Jumuiya hiyo mjini Arusha. Mizani ilikuwa bado haijasawazika, lakini aliyekuwa akizungumziwa alikuwa sasa anazungumza.

Schuman aliishi kuuona wa Yaoundé tu. Alikuwa rais wa kwanza wa Bunge la Jumuiya za Ulaya, kuanzia 1958 hadi 1960, kisha maradhi yakamdhoofisha. Alifariki nyumbani kwake Scy-Chazelles Septemba 4, 1963, akiwa na miaka 77. Mabaki yake yamo katika lile kanisa la kale lililotazamana na nyumba yake. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha tamko kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mwenye Heri.

Ndugu msomaji, leo katika makanisa yetu tutapeana mkono wa amani. Baadhi yetu tutaupokea kutoka kwa mtu tusiyesemezana naye tangu mazishi ya mzee, kwa sababu ya shamba. Tutatabasamu, tutakaa chini, na tukitoka nje kila mmoja atashika njia yake. Tukiulizwa, tutasema tumeshasamehe.

Maisha ya Schuman yanatuuliza swali gumu zaidi: mmeweka nini pamoja? Si lazima muanze na shamba lenyewe. Anzeni na kitu kimoja mnachokihitaji wote: kisima, dawa za mama, karo ya mtoto wa marehemu ndugu yenu. Kila mmoja achange kwa uwezo wake, mwenye nafuu ambebe aliyezidiwa, na hesabu isomwe mbele ya wote. Imani iliyovunjika haishonwi kwa machozi ya siku moja. Hurudi pole pole, mwezi baada ya mwezi, daftari likifunguliwa na kukutwa halina uongo.

Nasi tulio kwenye kamati za huruma za makanisa, tukumbuke yale mapengo mawili. Ni mara ngapi tumekaa kupanga misaada ya wajane bila mjane hata mmoja chumbani? Mwachieni kiti. Anaujua mzigo wake kuliko sisi tunaotaka kuubeba.

Bwana atupe moto wa kulainisha chuma kilicho ndani yetu, na mkono usiochoka kushika nyundo. Jumapili njema.