Mangi Meli wa Moshi, Shujaa Aliyenyongwa Mwaka 1900

Tarehe 2 Machi, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Tsudunyi, Old Moshi, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Viongozi 19 walinyongwa pamoja, wakiwemo Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na viongozi wa Wameru na Waarusha.

Leo Meli hutajwa kuwa shujaa wa Wachagga. Enzi zake jina hilo halikuwa na uzito huo. Wafanyabiashara wa misafara ya Pwani waliita nchi yote ya mlimani Uchagga, lakini wenyeji walijitambulisha kwa umangi wao: Moshi, Kibosho, Machame, Marangu. Baba yake, Mangi Rindi, aliwasaidia Wajerumani mwaka 1891 kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Kwa Rindi, Mkibosho alikuwa adui, wala hakumhesabu kuwa ndugu.

Meli alirithi kiti mwaka huohuo. Juni 1892 aliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Agosti 1893 walirejea wakamshinda.

Wachagga walipata Mangi Mkuu mmoja mwaka 1952, naye alikuwa Thomas Marealle, mjukuu wa Marealle wa Marangu, hasimu wa Meli.

Kichwa cha Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanyika huko vilitambua mabaki ya Akida, mshauri wake. Kichwa cha Mangi mwenyewe bado kinatafutwa.