Stefano Kaoze, mwanafunzi wa Mpala

Tulipofika mwaka wa kwanza, somo la fasihi ya Kongo lilianzia mbali na ziwa letu. Lilianza na Paul Lomami Tshibamba na kitabu chake Ngando, kilichopata tuzo Bruxelles mwaka 1948. Niliandika jina hilo kwenye daftari, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, na kwa miaka miwili sikujiuliza kama kuna lililotangulia. Nilipofika wakati wa kutafuta mada ya kazi yangu ya mwisho, nilitaka mwandishi wa Kinshasa au wa Paris. Moyoni niliamini kwamba huku Kalemie hakuna kilichoandikwa, na kwamba chuo cha serikali cha mji wa bandari kama wetu kazi yake ni kusoma ya wengine.

Asistenti mmoja aliniuliza kama namjua Mkongo wa kwanza aliyechapisha maandishi kwa Kifaransa. Nikamjibu kwa haraka: Lomami Tshibamba. Alitikisa kichwa, akaniambia nishuke na ufuko kuelekea kusini, hadi Mpala, kisha nirudi nyuma miaka 37 kutoka Ngando. Ndivyo nilivyokutana na Stefano Kaoze. Jina nilikuwa nalisikia kanisani tangu utotoni, kama jina la padri. Kwamba alikuwa pia mwandishi, tena aliandika akiwa bado kwenye benchi la wanafunzi, hakuna aliyeniambia.

Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886, katika nchi ya Watabwa, upande wa Marungu. Ziwa la wakati ule halikuwa na utulivu. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala. Mwishoni mwa mwaka 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na fuvu la chifu huyo likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa Mapadri Weupe. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita, na misheni ikawa pia ngome. Mtoto aliyezaliwa miaka hiyo alikuta dunia ya babu zake imekwisha kupasuka, na ile mpya haijajulikana itakuwa na sura gani.

Mwaka 1899 Askofu Victor Roelens alifungua seminari ndogo Mpala, na Kaoze akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Hebu tuipime programu hiyo kwa kipimo chetu. Sisi tunalalamika masomo yakirefuka kwa mwaka mmoja kwa sababu ya migomo au karo. Kaoze aliingia shule mwaka 1899 akatoka mwaka 1917: miaka 18. Alianza akiwa mtoto, akamaliza akiwa mtu mzima wa miaka 30 na kitu. Katika muda huo alijifunza Kilatini, Kifaransa, falsafa na teolojia. Nyumbani alikuwa na Kitabwa, na misheni zote za ufuko zilitumia Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi huyu aliishi katikati ya lugha nne, kama wengi wetu tunavyoishi, ila yeye hakuwa na mkubwa wa kumwambia njia ile inaishia wapi. Katika koloni lote hapakuwa na Mkongo aliyekwisha kuipita.

Katikati ya safari hiyo ndipo alipoandika. Kati ya mwaka 1910 na 1911 jarida la Ubelgiji, La Revue congolaise, lilitoa maandishi yake kuhusu saikolojia ya Wabantu. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, bado mseminari. Mjesuiti Arthur Vermeersch ndiye aliyeyatambulisha kwa wasomaji. Katika kazi hiyo Kaoze anaeleza jinsi watu wake wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyotaka na wanavyohisi. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Lakini tukumbuke kwamba Ulaya wakati ule ilijaa vitabu vilivyouliza kama Mwafrika anafikiri kweli. Kaoze hakuanza na mabishano. Alieleza tu, kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake.

Miaka inafaa kuwekwa sambamba. Batouala ya René Maran ilipata tuzo ya Goncourt mwaka 1921, miaka 10 baada yake. Force-Bonté ya Bakary Diallo ilitoka mwaka 1926. Kabla ya hizo zote, kuna kazi ya mwanafunzi wa ufuko wetu.

Sitaki kumpamba. Nilipoisoma mara ya pili nilisikia pia sauti ya walimu wake. Kuna mahali anapozitazama mila za wazee kwa macho ya misheni, na anapoishukuru shule iliyomlea kuliko ambavyo mimi ningeshukuru. Tena alikuwa anawaandikia wasomaji wa Bruxelles kwa lugha yao. Mjomba wake kule Marungu asingeweza kuyasoma. Rafiki yangu mmoja wa promosheni aliniambia kwamba kwa sababu hiyo Kaoze si wetu. Tulibishana jioni nzima. Mimi namwona tofauti: mtu anayefungua njia hutumia panga alilopewa. Lakini swali la rafiki yangu bado linanikera, kwa maana linatuhusu sisi pia, tunaoandika kazi zetu za mwisho kwa Kifaransa na wazazi wetu hawaelewi hata kichwa cha habari.

Mwaka 1917 vita vilikuwa vimekwisha kupita juu ya ziwa. Mwishoni mwa mwaka 1915 boti za Waingereza zilitokea hapa, mdomoni mwa Lukuga, kuzishambulia meli za Wajerumani. Tarehe 21 Julai 1917, Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu huko Moba, Roelens alimweka wakfu Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa enzi ya ukoloni. Miaka ya 1920 na 1921 alifuatana na askofu huyo Ulaya. Aliporudi hakuacha shule: alifundisha seminari ya Lusaka, ile ya kwetu Moba, wala si mji mkuu wa Zambia. Baadaye aliongoza misheni ya Kala. Aliendelea pia kukusanya historia ya ukoo wake na ya watu wa Marungu, kazi ambayo watafiti wa leo wanairudia. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliitwa kukaa katika Baraza la Serikali ya koloni.

Alifariki Machi 1951, hapa mjini, ulipokuwa ukiitwa Albertville. Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali cha Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1956. Mwaka 1960, siku ya uhuru, Wakongo wenye digrii ya chuo kikuu hawakufika 30. Mtu aliyechapisha mwaka 1911 alikufa miaka 40 baadaye bila kuona jengo lolote la nchini mwake lenye jina la chuo kikuu. Sisi tunapita getini kila asubuhi, na wengine hatuna hata hamu ya kuingia auditori.

Kwa hiyo nilibadilisha mada. Kazi yangu sasa inahusu Kaoze, na nimeambiwa na wenzangu kwamba nitakosa vitabu vya kutosha. Huenda. Lakini nimejifunza jambo moja ambalo nataka walimu na wanafunzi wa fakulte yetu walipime. Maandishi ya kwanza ya Mkongo kwa Kifaransa hayakuwa kitabu cha profesa. Yalikuwa kazi ya mwanafunzi, yaliyotolewa kwenye jarida. Tukiyaona majarida ya wanafunzi kuwa mahali pa mazoezi tu, pa kujazia kurasa, tunajidharau kwa kosa ambalo Kaoze hakulifanya.

Ombi langu ni dogo. Somo la fasihi ya mwaka wa kwanza lianzie Mpala, mwaka 1911, kisha ndipo liende kwa Ngando. Na kazi nzuri za mwaka wa kwanza zisibaki kabatini mwa sekretarieti. Ziletwe hapa, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Hii ya kwangu nimeiandika kwa Kiswahili ili mama aisome. Amekwisha kuisoma, na ameniuliza kwa nini hakufundishwa haya shuleni.